Eko ya njiti: "haikuonekana" sio "haipo"

Kuna sentensi moja kwenye ripoti za eko (kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti) za watoto njiti ambayo kila nikiisoma nakunja uso, inasema "Hakuna TR, hakuna presha ya mapafu". Maneno sita tu, imekaa vizuri, daktari wa wodi akiisoma anashusha pumzi, mama anaambiwa moyo wa mwanao uko poa, na mtoto anaendelea na oksijeni ya mpira puani wiki ya kumi na mbili sasa tangu azaliwe na hamna anaejiuliza kwanini kila akinyonya anabadilika rangi. Nimeiona hiyo sentensi mara nyingi sana, na niseme ukweli kuna kipindi nimeiandika mwenyewe, tena kwa kujiamini kabisa.

TR, kwa ambao sio wa shughuli hizi, ni kile kidamu kinachovuja kurudi nyuma kwenye vali ya trikaspidi, vali iliopo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kulia wa moyo. Spidi ya hicho kidamu ndo tunaitumia kukadiria presha ya damu kwenye mishipa ya mapafu. Kwahiyo kisipoonekana, maana yake hatujapata pa kupimia, basi, hakuna lingine la kusema hapo. Ni sawa na mtu ameenda kisimani na kamba fupi, ndoo haikugusa maji, akarudi akawaambia wenzie kisima kimekauka.

Na hilo ndo jambo langu leo. Mi naona eko ni kifaa kizuri sana cha kufuatilia presha ya mapafu kwa njiti, pengine ndo kizuri kuliko vyote tulivyonavyo ambavyo havimuumizi mtoto, ila tunakitumia kama thermometa, tunataka namba moja, ndio au hapana, siku moja tumalize, wakati chenyewe kinafanya kazi kama shahidi, unamuuliza mara nyingi, unamuuliza kwa njia tofauti, na unaandika alikuwa amesimama wapi alipoona alichokiona.

Turudi nyuma kidogo tuone hii presha inatokea wapi. Mtoto akiwa tumboni mapafu hayana kazi ya kuleta oksijeni, kondo la nyuma linafanya hiyo kazi, kwahiyo mishipa ya mapafu inakuwa imebana na damu nyingi inakwepa kupitia njia mbili za mkato, tundu lililopo kati ya chemba mbili za juu za moyo, na kimrija kinachounganisha ateri ya mapafu na aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini, ambacho kikichelewa kufunga ndo wodini wote tunakiita PDA. Mtoto akizaliwa akavuta pumzi, mishipa inafunguka, presha inaanza kushuka na inaendelea kushuka kwa siku na wiki, zile njia za mkato zinafunga. Hiyo ni kwa aliyetimiza miezi yake. Njiti wa wiki 25 anatoka mapafu hayajaanza hata kutengeneza vifuko vya hewa vya kueleweka, na mishipa midogo ya damu inajengwa sambamba na hivyo vifuko, kimoja kikikwama na mwenzie anakwama. Juu ya hapo anakutana na ventileta, oksijeni nyingi, maambukizi mawili matatu, na mapafu yanakua huku yanajikarabati. Matokeo yake ni ule ugonjwa tunaouita BPD, ambao William Northway na wenzake waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na siku hizi kawaida tunauhesabu mtoto akifika wiki 36, yaani ukijumlisha wiki za tumboni na alizokaa nje, kama bado anahitaji msaada wa kupumua au oksijeni.

Sasa fikiria mabomba. Damu ni ile ile, mabomba ni machache, kuta zake nene, na yana tabia ya kubana zaidi kila oksijeni ikishuka. Upande wa kulia wa moyo, ambao umeumbwa kusukuma kwa presha ndogo tu, unajikuta unabeba mzigo wa upande wa kushoto. Tafiti nyingi zinaangukia kwenye mtoto mmoja kati ya watano au wanne wenye BPD kuwa na hii presha, na kwa wenye BPD kali ni wengi zaidi. Na sio kaugonjwa ka kupuuza. Kuna utafiti ulitoka 2007 kwenye jarida la Pediatrics, ulifuata watoto 42 wenye BPD na presha ya mapafu, makadirio yao yalikuwa kwamba miezi sita baada ya kugundulika wako hai 64%, na miaka miwili baadae 53%. Ni namba za enzi zile, huduma imesogea toka hapo, lakini ukizisoma unaelewa kwanini nakunja uso.

Haya, namba ya presha inapatikanaje. Hapa inabidi nikae kidogo maana ndo mzizi wa tatizo. Doppler, ile sehemu ya eko inayopima damu inakwenda kwa spidi gani, inatupa spidi ya damu inayovuja pale kwenye trikaspidi, alafu kuna hesabu fupi inayotokana na kazi ya Bernoulli ya karne ya 18, unachukua spidi kwa mita kwa sekunde, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, unazidisha kwa 4, unapata tofauti ya presha kati ya chemba mbili. Mwaka 1984 Paul Yock na Richard Popp ndo walionesha kwamba kwa njia hii unaweza kukadiria presha ya upande wa kulia bila kumtoboa mtu, ila wao walikuwa wanapima watu wazima, na sisi tukaibeba hivyo hivyo mpaka kwa mtoto wa kilo moja.

Chukua mtoto ambae damu yake inavuja kwa spidi ya mita 3. Tatu mara tatu tisa, mara nne 36, unaongeza kama 5 ya chemba ya juu, unapata 41, kwa milimita za zebaki kama zile za BP. Sasa probu, kile kifaa cha mkononi tunachogusisha kifuani, ikikaa vibaya, miale ikapishana na mkondo wa damu kwa kama digrii 34, mashine itakuonesha mita 2 na nusu, na hiyo ukiizidisha unapata 25, ongeza 5, ni 30. Mtoto yule yule, moyo ule ule, dakika ile ile. Kosa la nusu mita limekula pointi 11 kwasababu spidi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, kosa linazaa. Kama namba ya juu ya BP yake ya mkono ni 70, kwenye 41 presha ya mapafu imevuka nusu ya presha ya mwili, na nusu ndo mstari ambao wengi wanautumia kusema ana tatizo, kwenye 30 hajaufikia. Amepona kwa kukunja kiwiko cha mpimaji. Na kosa hili siku zote linaenda upande mmoja, pembe mbaya inapunguza, haiongezi, kwahiyo anaepima kwa haraka kila mara anatoa habari njema.

Alafu angalia kitu kingine kwenye mfano huo huo. Ile 41 kwa mtoto mwenye BP ya 60 ni zaidi ya theluthi mbili, hiyo ni kali. Kwa mtoto mwenye BP ya 90 haijafika hata nusu. Kwahiyo ripoti ya eko isiokuwa na BP ya mtoto iliopimwa muda ule ule ni nusu ripoti, na nadhani nimeona nyingi zaidi zisizo na BP kuliko zenye nayo. Kafu, ule mkanda wa kupimia BP, ipo pale pale kwenye kitanda! Dakika moja tu.

Na hapo bado tunaongelea wale wenye TR inayopimika. Mwaka 2008, tena kwenye Pediatrics, walichukua watoto 25 wenye ugonjwa sugu wa mapafu wakalinganisha eko na katheta ya moyo, ambayo ndo kipimo cha uhakika, unaingiza mrija kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo na kupima presha yenyewe. Eko iliweza kutoa makadirio ya presha kwenye 61% tu ya vipimo. Katika hivyo vilivyotoa namba, ilipatia kama presha ipo au haipo kwa 79%, na ukali wake ilipatia kwa 47%. Asilimia 47! Chini ya nusu. Kuna wenzangu wakisoma hapo wanasema basi eko haifai, tuachane nayo. Mi nasoma tofauti, nasoma kwamba ile namba moja haifai kubebeshwa mzigo wote peke yake. Na wale karibu 4 kati ya 10 ambao namba haikupatikana, ndo haohao wanaoandikiwa ile sentensi ya maneno sita.

Kwanini haipatikani? Wakati mwingine vali haivuji vya kutosha, ni hivyo tu. Lakini kwa mtoto wa BPD kuna sababu ya ziada, mapafu yake yamejaa hewa kupita kiasi, yametanuka yamefunika moyo, na mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa, kwahiyo kadri mapafu yanavyokuwa mabaya ndivyo dirisha la kuangalilia linavyozidi kuwa dogo. Yaani mgonjwa zaidi ndo anaeonekana vibaya zaidi. Hapo unashuka chini ya mbavu, unapitisha probu juu ya ini, unaweza kuokoa picha ambayo kifuani ilishindikana, inataka subira tu.

Kama TR haipo unaangalia ukuta. Huu kwangu ndo moyo wa jambo lote, samahani kwa kucheza na maneno. Ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, yaani zile chemba za chini, unaegemea upande wenye presha ndogo. Ukikata moyo kwa upana kwenye skrini, ventrikali ya kushoto ya mtoto mzima wa afya inakuwa duara kama sarafu, na ya kulia imeikumbatia pembeni kama mwezi mwandamo. Presha ya kulia ikipanda, ukuta unaanza kulala mwishoni mwa pigo, sarafu inapoteza upande mmoja, inageuka herufi D. Ikipanda zaidi ya kushoto, ukuta unajikunja kuelekea kushoto kabisa. Unaweza hata kuupa namba, unapima kipenyo kimoja na kingine pale mwisho wa pigo, duara safi ni 1, ukipata milimita 13 kwa 10 hiyo ni 1.3, ukuta umelala. Uzuri wake haudai TR wala pembe ya Doppler, na wiki ijayo mwenzako anaweza kupima pale pale mkalinganisha.

Ila nao una ujanja wake. Watoto wa BPD wengine wana BP ya mwili iliopanda pia, na upande wa kushoto ukisukuma kwa nguvu ukuta unarudi kuwa duara hata kama kulia kuna moto. Tunarudi kwenye kafu.

Nikusimulie siku moja. Mtoto wa wiki 37 ukijumlisha na za tumboni, kilo moja na mia tisa, yuko kwenye CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia mipira ya puani, oksijeni 30%. Jeli tumeiweka kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, maana jeli ya baridi kwenye kifua cha njiti ni kutafuta ugomvi, probu ndogo, taa zimepunguzwa, nesi ameweka kiganja kichwani na kingine miguuni kumtuliza. Moyo unapiga 160 kwa dakika, yaani kila pigo halifiki hata nusu sekunde, ndani ya hicho kipande ndo uone vali imefunga, ukuta umekaa vipi, damu imeenda wapi. Mtoto kalala, oksijeni ya damu 94, ukuta umelala kidogo sana, wengine wangesema uko sawa. Akashtuka, sijui ni mimi nimegandamiza au ndoto zao wenyewe, akageuza kichwa mipira ya puani ikatoka. 94, 90, 85, 81. Na mimi bado nina picha kwenye skrini. Sarafu ikawa D, mbele ya macho yangu, ndani ya sekunde chache, na ile TR ambayo nilikuwa naitafuta dakika kumi ikajitokeza yenyewe kama mtu alieitwa. Nesi akarudisha mipira, akamtuliza, ikachukua kama dakika mbili tatu ukuta kurudi mahali pake.

Sasa niambie, ripoti ya huyo mtoto inasema nini? Ningemaliza dakika tano kabla ningeandika hana kitu. Ningekuta analia kuanzia mwanzo ningeandika kali. Zote zingekuwa kweli kwa dakika zake. Ndo maana mi naona mistari ya kwanza ya ripoti isiwe ya moyo kabisa, iwe ya mtoto: amelala au analia, oksijeni asilimia ngapi, mashine gani, ya kwenye damu ilikuwa ngapi wakati napima, BP ngapi. Mwenzako wa wiki ijayo akitaka kulinganisha alinganishe aliyelala na aliyelala. Na ile D ya dakika mbili nayo iandikwe, isifutwe eti kwasababu mtoto alikuwa "hajatulia", maana huyo mtoto usiku mipira inatoka mara ngapi bila mtu kuona? Kila ikitoka moyo wa kulia unapigwa.

Tuje kwenye lini. Watu wanapenda kipimo kimoja wiki ya 36 kisha tiki. Kuna utafiti wa 2012 mi naupenda sana, ulifuata watoto 145 waliozaliwa na uzito mdogo sana, chini ya kilo moja, wakawapima wote kwenye wiki ya nne ya maisha na wakaendelea kuwaangalia. Waliokutwa na presha jumla 26, kati yao 9 walionekana kwenye kile kipimo cha kwanza na 17 walionekana baadae. Soma tena, 17 kati ya 26 kipimo cha kwanza kingewapa cheti cha kuwa salama. Upande mwingine kuna ule wa 2015 wa watoto 277 waliozaliwa na gramu 500 mpaka 1,250, wakapimwa siku ya saba tu ya maisha, 42% tayari walikuwa na dalili za tatizo kwenye mishipa ya mapafu, na walipofika wiki 36 wenye presha walikuwa 14%. Ukiziweka pamoja hizi mbili unaona picha inayosogea, wengine wanaanza nayo wanaiacha, wengine hawana wanaipata. Wale wa siku ya saba walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuja kupata BPD, kwahiyo hata aliyeiacha njiani alikuwa anakwambia kitu.

Mwongozo wa 2015 wa American Heart Association na American Thoracic Society unataka eko ya uchunguzi kwa kila mtoto mwenye BPD iliothibitika. Sawa kabisa. Ila kati ya mistari watu wanasoma "eko moja". Kwa mtoto anaehitaji oksijeni zaidi wiki hii kuliko iliopita bila sababu ya wazi, au anaepata vipindi vya kuwa bluu, au asieongezeka uzito wakati maziwa yanaingia, mi singengoja tarehe yoyote, ningepima leo, na kama leo ni safi ningerudi baada ya wiki mbili. Tabia ya mtoto ni sababu tosha.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Kuna TAPSE, unapima vali ya trikaspidi inashuka milimita ngapi kila pigo, kwa njiti wa wiki 26 ni kama milimita 4 tu na kwa aliyetimia inakaribia 10, kwahiyo usimpime njiti kwa rula ya mtoto mkubwa. Kuna muda damu inaochukua kufika spidi yake ya juu ikitoka kwenye ventrikali ya kulia kwenda mapafuni, ukiulinganisha na muda wote inaotumia kutoka, chini ya 0.3 kaa macho. Kuna BNP kwenye damu, homoni ambayo moyo unaitoa ukilemewa, haisemi kama presha ipo ila ikipanda wiki hadi wiki inakuambia moyo unalalamika. Vyote ni vizuri kama vinarudiwa, kimoja kimoja kwa siku moja havina maana kubwa.

Kitu ambacho sitakipitia haraka ni vena za mapafu. Zile nne zinazorudisha damu kutoka mapafuni kwenda upande wa kushoto wa moyo. Kwa njiti wenye BPD zinaweza kuanza kubana taratibu, baada ya kuzaliwa, na hapa ndo watu wanaumizwa: mtoto anapimwa mwezi wa kwanza zote nne ziko wazi, mwezi wa nne mbili zimebana, na ripoti ya mwezi wa nne imeandika "vena kawaida" kwasababu ya mwezi wa kwanza ilisema hivyo. Zikibana, damu inarudi nyuma mapafuni, presha inapanda, na kwa nje inafanana kabisa na presha ya BPD. Daktari anaanza sildenafil, dawa inafungua mishipa ya kuingiza damu mapafuni wakati mlango wa kutokea umefungwa, mapafu yanajaa maji. Mtoto anazidiwa kwa dawa iliotolewa kwa nia njema. Mi natamani kila ripoti iandike vena moja moja, ya juu kulia, ya chini kulia, ya juu kushoto, ya chini kushoto, na ile ambayo haikuonekana iandikwe haikuonekana. Hakuna aibu, ile ya chini ni ngumu kwa mtoto mwenye mapafu yaliyotanuka na kila mpimaji anajua hivyo.

Njia za mkato nazo. Kama kile kimrija bado kiko wazi, damu inapita kutoka wapi kwenda wapi? Ikitoka aota kwenda mapafuni, presha ya mwili bado inaongoza. Ikienda huku na huku zimekaribiana. Ikienda kutoka kulia kuelekea aota muda wote wa pigo, presha ya mapafu imeizidi ya mwili na huhitaji hesabu yoyote ya Bernoulli, mishale ya rangi kwenye skrini imeshakujibu. Na ikimimina damu nyingi mapafuni kwa wiki kadhaa, hiyo yenyewe inachangia kuharibu mishipa, kwahiyo huyo mtoto swali lake sio dawa ya presha, ni kufunga kimrija au la. Namba ya presha ni ile ile 41, ugonjwa ni tofauti kabisa.

Hapo nakutana na hoja ya wanaonipinga, na ni hoja nzuri. Wanasema ukipima sana utapata sana, ukipata sana utatibu sana, watoto watajaa sildenafil kwa ajili ya ukuta uliolala milimita mbili. Ni kweli inatokea. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya kuwapa sildenafil watoto wa mwaka 1 mpaka 17 wenye presha ya mapafu, mwaka 2014 ikalifafanua kwamba haijakataza pale ambapo faida inazidi hatari, na katikati hapo kulikuwa na mkanganyiko usio na mfano. Dawa sio kitu cha kuanza kwa picha moja. Huo huo mwongozo wa 2015 unasema kwanza tafuta kwanini mapafu yana hali hiyo, oksijeni inashuka lini, maziwa yanaingia njia ya hewa au la, koo na mrija wa hewa viko sawa, mashine inamtosha, na kwa mwenye presha lenga oksijeni ya damu 92 mpaka 95. Ukishayarekebisha hayo rudia eko. Wengi ukuta unarudi bila dawa yoyote ya presha. Na kama huna uhakika, au dawa ya muda mrefu inakuja, au unahisi vena, hapo katheta inaingia, na ni kazi kubwa kwa mwili mdogo, kwahiyo eko nzuri inasaidia kuchagua nani apelekwe na nani asisumbuliwe. Tatizo la kutibu sana linatokana na kusoma picha moja kama hukumu, na dawa yake ni kupima kwa mfululizo, sio kuacha kupima.

Nani apime? Ugomvi wa zamani huu kati ya watu wa moyo na watu wa wodi ya watoto wachanga. Msimamo wangu, eko ya kwanza isomwe na mtu wa moyo wa watoto, kwasababu kasoro ya maumbile ya moyo ikipita hapo kila kinachofuata kitajengwa juu ya mchanga, na miongozo ya eko ya vichanga ya 2011 ilisema hivyo hivyo. Baada ya hapo, daktari wa wodi aliefundishwa vizuri anaweza kufuatilia, tena wakati mwingine vizuri zaidi, maana yeye anajua usiku mtoto alikuwaje. Anaekuja na mashine mara moja kwa mwezi, akapiga picha na kuondoka, hata awe fundi kiasi gani atakosa ile D ya dakika mbili.

Wazazi huwa wananiuliza waulize nini. Usiulize "ana presha au hana". Uliza leo mmeshindwa kuona nini. Daktari anaejibu hilo bila kukasirika, kaa nae. Na mkiruhusiwa kwenda nyumbani na oksijeni, uliza tarehe ya eko inayofuata iandikwe kabla hamjatoka mlangoni, kwasababu vena hazibani kwa ratiba ya hospitali.

Yule mtoto wa mipira ya puani ripoti yake niliiandika hivi: amelala, CPAP, oksijeni 30%, ya damu 94, BP 72 kwa 40. TR haikupatikana akiwa ametulia, presha haikuweza kukadiriwa. Ukuta umelala kidogo mwisho wa pigo. Iliposhuka mpaka 81 ukuta umekuwa D na TR imetokea, imerudi baada ya kama dakika tatu. Vena tatu zimeonekana wazi, ya chini kushoto haikuonekana. Rudia wiki mbili, anza na hiyo vena.

Daktari wa wodi akanipigia simu jioni ile ile. "Nimesoma ripoti yako yote, sasa huyu mtoto ana presha au hana?" Nikamwambia kesho saa tatu naileta mashine, njoo na wewe tukae nae nusu saa.